Dola Dhalimu Riwayani na Yaliyotokea Beni na Butembo

Distopia ni hadithi ya kubuni inayochora jamii ambamo waliokabidhiwa kazi ya kulinda watu wamegeuka kuwa mzigo juu ya watu hao. Kwa kawaida huwekwa katika wakati ujao au katika nchi isiyopatikana kwenye ramani, ingawa msomaji hachelewi kuona kwamba nchi hiyo imeundwa kwa vipande vya nchi anazozijua. Mwandishi wa distopia hashughuliki sana na ukatili wa mtu mmoja mwenye roho mbaya. Hushughulika na utaratibu mzima, yaani sheria, ofisi, mihuri, matangazo na askari, vinavyofanya kazi pamoja mpaka dhuluma izoeleke kama shughuli nyingine yoyote ya serikali.

Utanzu huu ulikomaa katika karne ya 20. Mrusi Yevgeny Zamyatin aliandika mwanzoni mwa miaka ya 1920 riwaya ya raia wanaoitwa kwa namba na kuishi katika nyumba za vioo ili dola iwaone wakati wote. Utawala wa Kisovieti uliizuia, na mwaka 1924 ikatoka kwanza kwa tafsiri ya Kiingereza. Mwaka 1932 Aldous Huxley wa Uingereza alionyesha watu wanaotawaliwa kwa starehe na vidonge vya kuwatuliza. George Orwell, aliyewahi kuwa ofisa wa polisi ya kikoloni nchini Burma kati ya 1922 na 1927, alichapisha hadithi ya wanyama waliompindua mkulima mwaka 1945, kisha riwaya ya Nineteen Eighty-Four mwaka 1949. Hiyo ya wanyama ilifasiriwa kwa Kiswahili na Fortunatus Kawegere ikaitwa Shamba la Wanyama, na imesomwa Afrika Mashariki tangu 1967. Mwaka 1985 Margaret Atwood wa Kanada aliongeza dola inayomiliki matumbo ya uzazi ya wanawake.

Beni na Butembo, miji miwili jirani ya Kivu ya Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imeshuhudia mengi ambayo waandishi hao waliyatunga wakiwa mezani. Kura iliahirishwa mpaka ikapoteza maana, raia walipelekwa mbele ya mahakimu wa kijeshi, na wimbo ulihesabiwa kuwa kosa la jinai. Ukiweka riwaya na matukio hayo sambamba, unaona jinsi mamlaka yanavyovuka mipaka yake hatua kwa hatua. Unaona pia jambo ambalo riwaya maarufu za Ulaya hazikulitilia maanani: dhuluma ya dola huweza kukua hata pale ambapo dola yenyewe ni dhaifu.

Hatari kama mlango

Katika distopia nyingi mamlaka ya kupita kiasi huingia kupitia mlango wa hatari. Nchi ya Oceania katika riwaya ya Orwell imo vitani siku zote. Adui hubadilika, vita havibadiliki, na kila uhaba wa chakula au kila kukamatwa kwa mtu huelezwa kwa sababu ya vita hivyo. Katika Shamba la Wanyama, kila mnyama anapotaka kuuliza swali huulizwa kama anataka mkulima wa zamani arudi.

Beni hatari haikubuniwa na mtu. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia, mengi yakifanywa kwa mapanga na mashoka, yameandama mji huo na vijiji vya wilaya yake. Yanahusishwa hasa na ADF, kundi lenye asili yake Uganda ambalo baadaye lilijiunga na mtandao wa Dola la Kiislamu. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2016 makumi ya watu waliuawa katika mtaa wa Rwangoma, ndani ya mji wenyewe. Kwa hiyo wakazi wa Beni walipodai ulinzi hawakuwa wamedanganywa na propaganda. Walikuwa wakizika ndugu zao.

Mnamo Aprili 2021 wanafunzi wa Beni walifanya jambo lisilo la kawaida. Badala ya kwenda darasani, walikwenda kukaa kwenye uwanja wa ofisi ya meya, wakala na kulala hapo kwa siku kadhaa, wakimtaka Rais Félix Tshisekedi aje aone hali ilivyo. Polisi waliwatawanya mwishoni mwa mwezi huo. Tarehe 6 Mei 2021 ikaanza kutumika hali ya kuzingirwa katika mikoa ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ambayo mitaani watu huiita kwa Kifaransa état de siège. Jenerali wa jeshi alichukua kiti cha gavana, maofisa wa polisi wakawa mameya wa Beni na Butembo, na bunge la mkoa likasimamishwa.

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inaruhusu hatua kama hiyo, lakini inaipimia muda. Kwa mujibu wa kifungu cha 144, hali ya kuzingirwa hudumu siku 30, na baada ya hapo bunge linaweza kuiongeza kwa siku 15 kila mara. Waandishi wa Katiba waliona kwamba muda mfupi ungewalazimisha wabunge kufikiri upya. Ilivyokuwa ni kwamba siku 15 ziliongezwa kwa siku 15 nyingine, tena na tena, mwaka ukapita, ukaja wa pili na wa tatu. Mkutano wa tathmini uliitishwa Kinshasa Agosti 2023, na Oktoba mwaka huo Rais akatangaza kuilegeza polepole. Wakati wote huo mauaji hayakukoma. Hapa riwaya na maisha vinakutana: hatua ya dharura ikishazoeleka, hakuna anayelazimika tena kuthibitisha kwamba inafanya kazi.

Mahakama isiyo ya raia

Hatua ya pili huwa mahakamani. Franz Kafka, katika riwaya yake ya kesi iliyochapishwa mwaka 1925, alimwonyesha mtu anayekamatwa asubuhi bila kuambiwa kosa lake. Waandishi wa baadaye waliongeza majaji wanaovaa sare na hukumu zilizoandikwa kabla ya kesi. Dola ya distopia hupenda kuwa na mahakama, kwa kuwa kifungo chenye muhuri hakionekani kama utekaji.

Chini ya hali ya kuzingirwa, kesi za jinai za raia zilihamishwa kutoka mahakama za kawaida kwenda mahakama za kijeshi. Mahakama hizo ziliundwa kwa ajili ya askari na zilikuwa na mahakimu wachache. Zikapewa kwa siku moja kesi za mikoa miwili. Mafaili yalirundikana na magereza yakafurika watu wanaosubiri kusikilizwa.

Tatizo halikuwa msongamano peke yake. Tarehe 11 Novemba 2021 vijana wa LUCHA, vuguvugu la wananchi lililoanzia Goma mwaka 2012, waliketi Beni kupinga kuongezwa kwa hali ya kuzingirwa. Wanaharakati 13 walikamatwa, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ya Beni iliwahukumu kifungo cha miezi 12 kila mmoja. Mkondo wa jambo hili ungemfaa Kafka: raia analalamika kwamba wanajeshi wamepewa mamlaka makubwa mno, na anayepewa kazi ya kupima lalamiko hilo ni mwanajeshi.

Hata hivyo Katiba hiyohiyo ina kifungo cha 61, kinachotaja haki ambazo haziondolewi hata wakati wa dharura: haki ya kuishi, kutoteswa, kutofanywa mtumwa, kujitetea, kukata rufaa, uhuru wa fikra na wa dini. Dola za riwayani huwa hazina kifungo kama hicho, au zimekwisha kukifuta. Mwanasheria wa Beni anaweza kukitaja mbele ya hakimu, na hiyo ni tofauti ya maana hata pale asiposikilizwa.

Maneno yanayobadilishwa

Kifaa cha tatu ni lugha. Katika Shamba la Wanyama amri saba huandikwa ukutani baada ya mapinduzi. Kila nguruwe wanapovunja amri moja, usiku maneno machache huongezwa kwenye amri hiyo, na asubuhi wanyama wasiojua kusoma vizuri hudhani walikuwa wamesahau. Nguruwe msemaji huja na takwimu kuwathibitishia kwamba wanakula zaidi kuliko zamani, ilhali matumbo yao yanasema vingine.

Wakongo wenye umri mkubwa hawahitaji maelezo marefu juu ya hilo. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliigeuza nchi kuwa Zaire. Mwaka 1972 majina ya Kikristo yalipigwa marufuku, na watu waliobatizwa kwa majina ya watakatifu wakalazimika kujiandikisha upya. Kila mtu alihesabiwa kuwa mwanachama wa chama cha MPR tangu kuzaliwa, hata mtoto mchanga. Taarifa ya habari ya televisheni ilianza kwa uso wa Rais ukishuka kutoka mawinguni. Kazi ya lazima ya siku ya Jumamosi iliitwa salongo, ikasifiwa kama moyo wa kujitolea. Mwandishi wa distopia angeyaweka haya kitabuni, mhariri wa Ulaya angedhani ametia chumvi.

In Koli Jean Bofane, mwandishi wa Kongo, aliichukua mada hii katika riwaya yake Mathématiques congolaises ya mwaka 2008. Kijana maskini wa Kinshasa anayependa hesabu anaajiriwa na ofisi ya serikali inayotengeneza habari za uongo. Anazitumia kanuni za hesabu kupanga udanganyifu, na mshahara unamwondolea njaa. Bofane anaonyesha jambo ambalo Orwell hakulikazia: wengi hutumikia uongo wa dola kwa sababu ni ajira pekee iliyopo.

Kura na mwili

Dola ya distopia hutaka pia kuamua nani anahesabiwa na nani hahesabiwi. Tarehe 26 Desemba 2018, siku 4 kabla ya uchaguzi mkuu, tume ya uchaguzi CENI ilitangaza kwamba Beni, Butembo na maeneo yao, pamoja na Yumbi upande wa magharibi mwa nchi, yangepiga kura Machi 2019. Sababu zilizotolewa kwa Beni na Butembo zilikuwa ugonjwa wa Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini Rais mpya alipangiwa kuapishwa Januari. Zaidi ya wapiga kura milioni 1 walikuwa wakiambiwa wachague Rais ambaye angekuwa tayari ofisini.

Masoko yalikuwa wazi, makanisa yalijaa na shule zilikuwa zimefanya kazi muhula mzima. Kwa hiyo wengi hawakuipokea hoja ya Ebola. Maandamano yalizuka, na kituo cha kuwapokea wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na Ebola kikaharibiwa mjini Beni. Tarehe 30 Desemba, Kongo nzima ilipokuwa ikipiga kura, wakazi wa Beni waliandaa uchaguzi wao wenyewe. Walipanga foleni, wakanawa mikono kwa tahadhari ya ugonjwa, wakatumbukiza karatasi katika masanduku ya kujitengenezea, kisha wakahesabu kura hadharani. Matokeo hayo hayakuwa na nguvu ya kisheria. Yalithibitisha tu kwamba watu wangeweza kusimama kwenye foleni bila maafa yaliyotabiriwa.

Mlipuko huo wa Ebola, uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa na wagonjwa 3,470 na kuua watu 2,287, hivyo kuwa wa pili kwa ukubwa duniani. Ulileta aina nyingine ya mamlaka: mashirika ya kimataifa yenye magari, fedha na ajira katika miji yenye uhaba wa vyote vitatu. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti yake Septemba 2021. Ilibaini watuhumiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake wa eneo hilo, 21 kati yao wakiwa wameajiriwa na shirika hilo. Wanawake wengi walisema waliahidiwa kazi. Atwood aliandika juu ya dola inayochukua miili ya wanawake kwa sheria ya wazi. Beni na Butembo ilitosha kuwa na orodha ya ajira mkononi, katika shughuli iliyoanzishwa kuokoa maisha.

Dola dhaifu, mkono mzito

Hapa ndipo riwaya za Ulaya zinapoanza kupungukiwa. Dola ya Orwell ina kiwambo katika kila chumba, hutazama na kusikiliza usiku na mchana. Butembo, mji wa wafanyabiashara wa kabila la Wanande, uliishi miaka mingi bila umeme wa shirika la taifa. Katika miaka ya Mobutu wenyeji walizoea kuchangishana wenyewe kwa ajili ya barabara, shule na hospitali, na mwaka 1989 kanisa Katoliki lilianzisha hapo Chuo Kikuu cha Graben. Wakati wa vita vilivyoanza mwaka 1998, eneo la Beni liliongozwa na kundi la waasi la RCD-K/ML la Mbusa Nyamwisi, likitoza ushuru wake wenyewe mpakani. Mamlaka hapa hayajawahi kuwa jicho moja kubwa. Yamekuwa mikono mingi.

Mikono hiyo huonekana zaidi barabarani. Uchunguzi wa taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ulihesabu mwaka 2017 vizuizi 798 katika mikoa miwili ya Kivu, vingi vikiwa vya askari wa serikali na vingine vya makundi yenye silaha. Mama anayepeleka maharage au mkaa sokoni husimama mbele ya kamba iliyofungwa kwenye miti miwili, hutoa noti, na kamba hushushwa. Hakuna risiti, na mara nyingi hakuna jina la anayepokea. Dola inayoshindwa kumlinda mama huyo dhidi ya panga shambani haishindwi kumpata kwenye kizuizi.

Waandishi wa Afrika waliielewa hali hii mapema. Sony Labou Tansi, aliyezaliwa karibu na Kinshasa mwaka 1947 na kuishi Brazzaville, alichapisha La vie et demie mwaka 1979. Mtawala wake, Kiongozi wa nchi ya Katamalanasie, anamkatakata mpinzani aitwaye Martial, lakini Martial anakataa kufa na kuendelea kumtokea. Kadiri mtawala anavyoua ndivyo anavyoonekana kuwa hana uwezo wa kumaliza anachokitaka. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Mũrogi wa Kagogo iliyoanza kutoka kwa Kikikuyu mwaka 2004, alibuni nchi ya Aburĩria yenye mawaziri wawili ambao majina yao hayamsumbui msomaji wa Kiswahili: Machokali alifanyiwa upasuaji Ulaya ili macho yake yapanuliwe, Sikiokuu naye akapanua masikio. Ni vyombo vya upelelezi vya Orwell vilivyogeuzwa kuwa kichekesho, vikihudumia serikali inayoomba mkopo kwa wageni ili ijenge jengo la kufika mbinguni.

Somo la vitabu hivyo linahusu Beni na Butembo moja kwa moja. Dola yenye nguvu hudhulumu kwa kutekeleza sheria zake zote; dola dhaifu hudhulumu kwa kuchagua. Hukosa askari wa kufika kijijini usiku wa shambulio, lakini hupata wa kutawanya wanafunzi. Raia hupata hasara mara mbili, kwanza kwa kuachwa, kisha kwa kuguswa.

Wanaojibu

Kila distopia ina mtu anayekataa. Kwa Orwell, mhusika mkuu Winston anaanza kwa kuandika shajara kwa siri, na dola inamvunja. Katama Mkangi wa Kenya alichagua njia nyingine. Yeye mwenyewe aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa mwaka 1986 chini ya serikali ya Rais Moi, na mwaka 1995 akatoa riwaya ya Walenisi. Mhusika wake Dzombo anahukumiwa kufa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, anajifunza kukiongoza, na anatua katika nchi ya watu walio sawa. Mkangi alitaka msomaji aone kwamba udhalimu umejengwa na watu na unaweza kubomolewa na watu.

Serikali nazo hazijachukulia hadithi kuwa mchezo. Riwaya ya Ngũgĩ ya Matigari, iliyotoka mwaka 1986, iliondolewa madukani nchini Kenya na polisi mwaka uliofuata. Ngũgĩ alisimulia kwamba kabla ya hapo palitolewa amri ya kumsaka Matigari mwenyewe, kwa kudhaniwa ni mtu halisi anayezunguka nchini akidai haki.

Mjini Beni kazi ya kuwapinga watawala imefanywa zaidi na muziki kuliko riwaya. Vitabu ni ghali, na wimbo husambaa kwa simu kutoka pikipiki hadi pikipiki. Mwishoni mwa mwaka 2021 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanamuziki wawili wa Beni kwa nyimbo zilizowalaumu watawala na jeshi: Idengo Delcat miaka 10, Muyisa Nzanzu Makasi miaka 2. Idengo alitoka gerezani, akafungwa tena, na Februari 2025 akauawa kwa risasi mjini Goma, mji ukiwa tayari mikononi mwa waasi wa M23. Mwimbaji aliyefungwa na serikali alifia katika mji uliotawaliwa na maadui wa serikali hiyo.

Mipaka ya kulinganisha

Kulinganisha riwaya na maisha kuna hatari zake. Riwaya hufungwa kila upande: dola ni mbaya, raia ni mwathirika, adui huenda hayupo. Beni adui yupo, askari wengi wa jeshi la taifa, FARDC, wamekufa wakipigana naye, na baadhi ya wakazi waliunga mkono hali ya kuzingirwa kwa matumaini ya kweli. Kuiita kila amri ya serikali distopia ni kuliondolea neno hilo makali yake.

Faida ya riwaya hizi iko kwenye maswali zinayomzoesha msomaji kuuliza. Hatua hii ya dharura itakwisha lini, na nani ataamua? Anayeshtaki na anayehukumu ni watu tofauti? Takwimu zinazotangazwa zinalingana na yanayoonekana sokoni na makaburini? Anayepinga ana pa kwenda kulalamika bila kufungwa? Mamlaka yanayoweza kujibu maswali hayo mbele ya watu bado yamo ndani ya mipaka yake. Yanayomfunga muulizaji yamekwisha kuivuka, iwe yana kiwambo ukutani au kamba barabarani.